Siku Aliyotoka Nyumbani

Siku ile mume wangu alikuwa anapaka mlango rangi. Alikuwa amepata kopo la rangi ya buluu kwa fundi mmoja wa mitumbwi, rangi nzito kama uji, na alikuwa ameapa kwamba mtoto wetu hatazaliwa katika nyumba yenye mlango wa mbao tupu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikaa kivulini mwa ukuta nikichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, za mchana. Mama mkwe wangu alikuwa ndani, akilalamika kwamba harufu ya rangi inampasua kichwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza tena kutembea bila kushikwa.

"Vumilia, mama," Wilondja, mume wangu, alimwambia kupitia dirisha. "Kesho itakuwa imekauka."

Kijiji chetu kiko kando ya barabara, kati ya miji ya Uvira na Baraka, mashariki ya Congo. Ziwa liko upande mmoja, milima upande wa pili. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile, kwa hiyo wanaume wengi walikuwa mashambani. Vita tulivijua kwa redio na kwa wapita njia. Vilikuwa vimeshakula vijiji vya huko juu, lakini kila vilipotelemka vilipinda kabla ya kutufikia, nasi tukaanza kuamini kwamba vitapinda siku zote.

Karibu na adhuhuri watu wa soko walianza kurudi. Hawakukimbia. Walitembea haraka, bila kusema, na wengine walikuwa wamekumbatia sahani na vitambaa ambavyo hawakupata muda wa kuvifunga.

Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka upande wa mto.

Wilondja aliilaza brashi juu ya kopo. Akafuta mikono kwenye suruali.

Mlio wa pili ulikuwa karibu zaidi.

"Nenda na kina Mama Faida," alisema. Hao walikuwa majirani zetu, walikuwa tayari barabarani. "Mimi namchukua mama."

"Twende pamoja."

"Na tumbo hilo, na yeye mgongoni mwangu? Hatutafika. Mtangulie. Nitawakuta Baraka, kwenye kanisa."

Sikubishana. Alichosema kilikuwa kweli.

Nilipofika barabarani niligeuka. Nilimwona anaingia ndani kwa ubavu, ili rangi mbichi isimshike nguo.

Ndiyo mara ya mwisho.

Barabara ilikuwa imejaa migongo ya watu. Mama Faida alinishika mkono, hakuuachia. Tulipolipita daraja, mtu aliyekuwa mbele yetu alikaa chini, kama mtu aliyechoka. Hakuinuka.

Tulimpita.

Tulifika Baraka kesho yake. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka uani. Nilikaa karibu na lango, ili akiingia anione kabla hajaanza kutafuta. Watu wa kijiji chetu walifika kwa makundi, siku ile na siku zilizofuata, na kila kundi nililiuliza. Halafu milio ikafika Baraka pia, tukasukumana kwenye mashua za ng'ambo, tukavuka ziwa mpaka upande wa Kigoma. Huko Tanzania, kambini, chini ya turubai, nilijifungua mtoto wa kike. Nilimwita Mapendo.

Habari za nyumbani zilinifikia polepole. Nyumba ilichomwa. Watu waliorudi kuangalia walimkuta ndani mama mkwe wangu, au mabaki yake, wakamzika nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake. Wilondja hakuwa ndani, wala uani, wala njiani.

Mwanamke mmoja aliniambia alimwona amebebeshwa masanduku ya risasi, anapandishwa milimani na askari. Mwanaume mmoja aliapa kwamba alimwona amelala kando ya mto, na kwamba alimjua kwa shati. Nilipomuuliza shati la rangi gani, alitaja rangi ambayo Wilondja hakuwa nayo. Mtu mwingine alikuwa amesikia kuna Wilondja anashona viatu Lubumbashi. Nilituma salamu Lubumbashi kwa kila aliyekwenda. Alikuwa Wilondja mwingine, mzee, wa ukoo mwingine.

Shemeji zangu walinitumia ujumbe kwamba tuweke matanga, tumalize, nami niwe huru. Nilikataa. Sikuona ni nani alinipa ruhusa ya kumlilia mtu ambaye pengine alikuwa anatafuta njia ya kuja. Hata baadaye, hapa Johannesburg, kila Novemba kanisani tunapotoa majina ya marehemu wetu waombewe, nilitoa jina la mama yangu, nikatoa la mama mkwe wangu. La Wilondja sikulitoa.

Tuliingia Afrika Kusini Mapendo akiwa bado mdogo wa kubebwa. Nimeshona nguo Jeppestown miaka yote hii, katika jengo la zamani la kiwanda ambako mafundi tumegawana chumba kikubwa, na tunaishi Turffontein, nyumba ya nyuma. Mapendo amekulia hapa. Swahili yetu anaisikia yote, lakini ukimwambia neno kwa Swahili anakujibu kwa Kingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Alipokuwa mdogo aliuliza kuhusu baba yake. Nilimjibu, "Hayupo." Akauliza tena na tena, halafu mwaka mmoja akaacha. Nami nikashukuru, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Alipokuwa anasoma chuo, Braamfontein, alijuana na kijana anayeitwa Minh. Wazazi wake wametoka Vietnam. Wana mgahawa mdogo wa supu ya tambi, na wanaishi juu ya mgahawa wao. Nilimpenda kijana kwa jambo dogo: ukimpa kikombe anakipokea kwa mikono miwili, akikupa anakupa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kwetu. Waliposema wanataka kuoana, sikuwa na neno.

Basi Jumapili moja baada ya Misa wazazi wake walikuja kwangu. Baba, mzee Thanh, alikuwa mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola. Mama, ambaye mimi namwita Mama Minh, alibeba matunda na kopo la majani ya chai. Kingereza chao na changu vilivunjika mahali tofauti, kwa hiyo watoto walikaa katikati wakiunganisha.

Mzee Thanh alikunywa chai, akatazama kuta zangu. Kulikuwa na kalenda ya parokia na picha ya Mapendo siku aliyohitimu.

"Wazee wako wako wapi?" aliniuliza.

"Congo."

"Hapana. Wale waliokufa. Hapa nyumbani unawaweka wapi?"

Sikuelewa. Nikasema nawaweka kwenye maombi. Alitikisa kichwa kwa heshima, kisha akanieleza taratibu. Kwao kila nyumba ina meza ya waliotangulia: picha zao, taa, maji, matunda, vijiti vya udi. Kijana akija kuchukua binti wa watu, hatoki naye kabla hajainama mbele ya meza hiyo. Wazee wa binti wanaarifiwa nani anakuja, mwana wa nani, anataka nini. "Bila hivyo," alisema, "ni kama tumemwiba."

Nikasema hilo ni jambo jema, kwetu pia binti haondoki kimya. Nikataja mama yangu na mama mkwe wangu.

Ndipo Mama Minh akauliza, bila kuzunguka, maana yeye si mtu wa kuzunguka: "Na baba yake? Atakaa kwenye kiti, au atakuwa kwenye meza?"

Minh alitazama sakafu. Mapendo alinitazama mimi.

"Hayupo," nikasema.

"Hayupo namna gani?"

Miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu husikia Congo, husikia vita, wanasema pole, wananyamaza.

"Sijui," nikasema. "Alibaki nyuma kwenye vita. Sijui."

Mzee Thanh aliweka kikombe chini. Hakusema pole. Aliongea na mkewe kwa lugha yao, maneno machache, kisha wakaanza kuulizana na watoto habari za matunda.

Walipoondoka Mapendo aliosha vikombe. Alisema akiwa amenipa mgongo, "Mama, amekufa?"

"Nimesema sijui."

"Basi tumuweke kwenye meza."

"Unataka nimzike ili uolewe?"

Aliweka kikombe. Aliponigeukia uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ninataka kumwambia baba kwamba ninaolewa," alisema. "Minh ana mtu wa kumwambia mpaka babu wa babu yake. Mimi nina wewe tu."

Wiki zile tuliishi kama wapangaji wawili. Nilikwenda Jeppestown, nikashona, nikarudi. Kichwani hesabu ilikuwa ileile. Nikimweka kwenye meza, nimemuua mimi, ambaye sikumwona akifa. Nisipomweka, mtoto wake ataondoka nyumbani kama mtoto asiye na baba. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Siku moja Mama Minh alinipigia simu. Nilidhani anataka jibu. Alisema tu kwamba Jumamosi wana giỗ, niende nikale. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema ni siku ya mtu aliyekufa. Nyumba inapika, inamkaribisha, kisha wanakula wote.

Nilikwenda peke yangu. Sebuleni kwao, juu ya kabati refu, ndiko ilikokuwa meza yenyewe. Kati ya picha za wazee kulikuwa na kijana, miaka ishirini hivi, nywele zimechanwa kwa maji. Mbele yake kulikuwa na kuku wa kuchemsha, wali, na samaki aliyepikwa katika maji ya nazi. Mzee Thanh aliwasha udi, akainama, akasema maneno yake. Tukakaa kusubiri udi uishe, kwa sababu mgeni wa siku ndiye anayekula kwanza.

"Ni kaka yangu mkubwa," aliniambia taratibu, kwa Kingereza chake. "Alikwenda vitani mimi nikiwa mtoto. Wenzake wawili walirudi. Mmoja alisema alimwona akifa mtoni. Mwingine alisema alimwona akiwa hai baada ya siku hiyo."

Nikasogeza kiti changu karibu naye.

"Mama yangu alisubiri. Kila jioni alipika na kumpakulia. Vita vikaisha, akaendelea. Mwisho akawaita watu wote, akasema siku yake itakuwa siku aliyotoka nyumbani. Kwetu wengi walifanya hivyo, wale ambao watoto wao hawakurudi."

"Kwa nini siku hiyo?"

"Kwa sababu ndiyo tuliyoijua. Siku ya kufa ni yake mwenyewe, hakutuambia. Siku ya kutoka nyumbani ilikuwa ya wote. Tulikuwepo."

Nikauliza lile nililolibeba mimi. "Na kama angerudi?"

"Mama alisema akirudi akute chakula." Alitazama picha. "Alipika mpaka akafa yeye. Sasa anapika mke wangu."

"Na hakuna anayenisaidia kuparua samaki," Mama Minh alisema kutoka jikoni.

Mzee Thanh alicheka kidogo. Nikamuuliza kama mama yake alipumzika baada ya pale.

"Hapana," alisema. "Alipata tu siku ya kulia. Siku nyingine alifanya kazi."

Udi ukaisha. Tukala. Walisimulia jinsi kaka huyo alivyokuwa mchoyo wa baiskeli yake, na jinsi alivyoogopa bata. Waliongea juu yake kama mtu aliyetoka kwenda dukani.

Siku iliyofuata, baada ya Misa, nilimkalisha Mapendo kitandani nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa: ndagala, rangi, mlio wa mtoni, bibi yake na miguu yake, daraja. Hakulia. Aliuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Alikuwa mrefu? Aliimba? Alikuwa anatumia mkono wa kushoto kama yeye?

"Wa kushoto," nikasema. Nilikuwa nimesahau kwamba hajui.

Alinyoosha mkono wake akautazama muda mrefu.

Picha hatukuwa nayo hata moja. Mzee Thanh akasema jina linatosha. Wazee wa zamani wa kwao hawakuwa na kamera, na walikuwa na majina. Mapendo alilichora kwenye kadi nyekundu, herufi nzuri: Wilondja Asukulu. Mimi nikamtajia herufi moja moja. Mzee aliuliza pia siku. Nilimwambia tarehe sikumbuki. Ilikuwa Alhamisi, mvua zilikuwa zimeanza wiki ile. Nilidhani ataona ni upuuzi. Alisema sawa, wao pia siku zao zinafuata mwezi wa angani, haziko kwenye kalenda ya ukutani. Basi yetu itafuata mvua.

Siku ya kuja kumchukua Mapendo, nyumba yangu ya nyuma haikutosha watu. Upande wao walikuja vijana kwa mstari, kila mmoja na sinia lililofunikwa kitambaa chekundu. Upande wetu, wasichana wa mafundi wenzangu walisimama mlangoni kupokea masinia. Yalipofunuliwa, jirani yangu Bi Mwanaidi, mama wa Tanga, alisogea akainama.

"Mwenzangu, hii si tambuu hii? Na popoo?" alisema. "Bibi yangu midomo ilikuwa myekundu kwa kuitafuna hii. Hawa watu wameipata wapi?"

"Fordsburg, kwa Wahindi," Minh akamjibu, wasichana walipomtafsiria.

"Basi hawa ni watu wa kwetu," Bi Mwanaidi alisema, akaketi kama mwenye nyumba.

Meza nilikuwa nimeiweka chini ya kalenda ya parokia. Palikuwa na maji, machungwa, taa, majina matatu: mama yangu, mama mkwe wangu, na yeye. Msalaba wangu niliuacha mahali pake, hakuna aliyeuliza. Mzee Thanh aliwasha udi akaongea na kadi ile nyekundu kwa lugha yake, bila haraka, akijitambulisha. Nilisikia jina la Minh, na jina la Wilondja likitamkwa kwa shida lakini kwa uangalifu. Minh akainama.

Kisha ikawa zamu ya Mapendo. Nilijua angeongea Kingereza, na nilikuwa nimejiandaa kukisikia.

"Baba," alisema. "Mimi njo Mapendo. Mutoto yako. Ulituacha mimi niko mu tumbo ya mama." Alikuwa anatafuta maneno, na sote tulimngoja. "Minaolewa leo. Huyu njo Minh. Eko muzuri. Usikuwe na wasiwasi."

Wale wasichana mlangoni waliinamisha vichwa. Mimi nilishika ukingo wa meza.

Baadaye, nikimfunga kilemba, nilimuuliza kwa nini hakuongea lugha yake.

"Baba hajui Kingereza," akasema.

Mama Minh alikuwa ameniambia kwamba kwao, zamani, mama wa bibi harusi haongozani na msafara. Anabaki. Siku hizi wengi huenda, akasema, nichague. Nilichagua kubaki. Niliwasindikiza mpaka getini, magari yakaondoka, Bi Mwanaidi akiwa amekaa mbele kabisa kana kwamba yeye ndiye shangazi. Nikarudi ndani nikakaa mbele ya meza. Udi ulikuwa umebaki nusu. Nilitaka kumwambia kitu Wilondja, nikaona sina. Nimeongea naye kila siku kwa miaka hii yote, nikimweleza tulipo, tumehamia wapi, afuate njia gani. Sasa hapakuwa na njia ya kumwelekeza. Nilikaa mpaka udi ukaisha, nikala chungwa moja, nikafagia.

Watu huniuliza kama sasa nina amani. Sijui niwajibu nini. Jumatano ya wiki iliyofuata nilikuwa natoka Jeppestown na mzigo wa vitambaa, nikapita katikati ya jiji kama kawaida, kwenye vituo vya mabasi, penye watu wa kila nchi. Nilipokuwa nimeshapanda, nimekaa dirishani, ndipo nikatambua kwamba sikumtazama mwanaume hata mmoja usoni. Tangu Kigoma nilikuwa nawatazama, kila mwanaume mrefu, kila mji, kila foleni, nikimwondolea kwa mawazo umri na mvi nione kama chini yake yuko yeye. Sikuwahi kujua ni kazi kubwa kiasi hicho mpaka siku nilipoiacha.

Nililia kidogo. Mwanamke aliyekaa karibu nami alishika ule mzigo wa vitambaa usianguke. Basi likaondoka.